Baraza Lenye Kivuli

Kila ilipofika saa nane mchana, jua lilivuka barabara kama mteja mwenye haraka na kuja kuketi kwenye baraza la duka la Bwana Natvarlal, pale Kariakoo. Halikubisha hodi. Lilianza kwa kulamba ukingo wa saruji, likapanda kwenye miguu ya cherehani, na kabla ya adhana ya alasiri likawa limeshamfikia fundi magotini.

Fundi huyo alikuwa Hyasinta, na hapo ndipo alipoanza kuhama. Alivuta kiti nyuma, akavuta na cherehani, akavuta tena, mpaka mgongo wake ukagusa majora ya vitambaa yaliyopangwa mlangoni.

"Fundi," Bi Bhagwati, mke wa Natvarlal, alimwita kutoka ndani ya duka, "ukirudi nyuma mara nyingine utatokea jikoni kwangu."

"Kama jikoni kuna kivuli, nibandikie na chai, Bi Bhagwati. Naja."

Walicheka wote wawili. Lakini Hyasinta alikuwa amekwisha kuvuta mikono ya gauni lake mpaka kwenye vidole, na macho ameyafinya kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Alizaliwa kusini, upande wa Masasi, akiwa na ngozi nyeupe isiyo na rangi yoyote ya kumkinga na nywele kama ndevu za mahindi mabichi. Mtaani walimwita zeruzeru, wengine kwa kumkebehi, wengine kwa sababu tu hawakuwa na neno jingine. Yeye alijiita fundi. Masista wa misheni walimfundisha kushona, na alipofika Dar es Salaam na kumwonyesha Bwana Natvarlal gauni moja alilolishona, Bwana Natvarlal aliligeuza nje ndani, akatafuta kasoro, akakosa, akamwambia aanze kesho yake. Wanawake wa Kariakoo walimpenda upesi. Kupimwa kifua na kiuno na fundi mwanamke kulikuwa raha mpya, na wengine walikuja kupimwa hata kabla hawajajua wanataka kushona nini.

Desturi ya mtaa ule ilikuwa moja: mwenye duka ndani na vitambaa vyake, fundi nje barazani na cherehani yake. Unanunua kitambaa, unageuka, unapimwa. Mlio wa cherehani ndio uliowaita watu. Hyasinta aliwahi kuomba akae ndani, angalau alasiri, na Bwana Natvarlal akamwangalia kama aliyeombwa afunge duka.

"Fundi asiyeonekana ni fundi ambaye hayupo," alisema. "Na humo ndani hata mimi napita ubavu ubavu."

Ilikuwa kweli. Majora yalijaa mpaka darini.

Basi Hyasinta alikaa nje, na asubuhi hakuwa na neno. Duka lilitazama magharibi, kwa hiyo asubuhi nzima lenyewe ndilo lililomfunika. Tatizo lilikuwa mchana. Wiki chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, shoga yake Mboni, muuza vitumbua waliyepanga naye nyumba moja, alikuwa anamsuka nywele uani alipoacha kusuka ghafla.

"Hiki kigaga cha sikioni ulikuwa nacho mwezi uliopita."

"Kile kilidondoka."

"Basi kimerudi na begi lake. Kesho unaenda zahanati, na usiniambie una gauni la mtu."

Hyasinta hakubisha, kwa sababu alimkumbuka kaka yake Severine. Severine alikuwa na ngozi kama yake, na alilima kichwa wazi tangu utoto. Kidonda kilitoka shingoni, kikadondoka, kikarudi, kikakua. Kijijini walisema ni donda ndugu, wakatafuta majani. Hakuna aliyenyoosha kidole juu na kusema ni jua lile pale. Severine alizikwa kabla hajaoa.

Huko zahanati, daktari alikikata kigaga chote, akashona nyuzi mbili. Aliyemfunga bandeji alikuwa dresa mmoja mwenye sauti ya upole, Bwana Kasmir. Hyasinta aliomba kioo, akautazama ule mshono.

"Umekaa upande," alisema.

"Mgonjwa wa kwanza kunilalamikia pindo," alisema Bwana Kasmir. Kisha akaketi mbele yake. "Sikiliza, dada. Hiki tumekiwahi. Kingeachwa kingekuwa saratani ya ngozi, na hiyo ikishaota mizizi si rahisi kuing'oa. Kwa ngozi yako dawa haimo kwenye chupa. Dawa ni kofia pana, ifunike masikio na shingo. Mikono mirefu, kitambaa kizito. Na zaidi ya yote kivuli, hasa jua likiwa kali. Kila wiki atafutwe mtu mwenye macho mazuri akukague pale usipojiona. Kidonda kisichopona, njoo. Usingoje mpaka kikuume."

"Jirani aliniambia nijipake mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi ni mazuri kwa samaki. Ukijipaka ukakaa juani, utakaangika vizuri zaidi."

"Lakini kazi yangu iko barazani, Bwana Kasmir."

"Basi baraza lihame au uhame wewe. Kazi nyingine utapata. Sikio jingine hapa hatuna."

Hyasinta alitembea kurudi Kariakoo akiwa amejitanda kanga kichwani, akijipangia moyoni. Mpaka Idi. Kama mpaka Idi hajapata namna ya kukaa kivulini kutwa nzima, atapanda basi arudi kwa mama yake. Kule angekaa ndani ya nyumba salama, akishona gauni moja kwa msimu kwa mtu ambaye hana haraka. Angeishi. Lakini alipofika kona ya mtaa wao na kusikia cherehani, mikokoteni na wauza nazi wakigombea njia, alijua kwamba kuishi na kuishi pia kunatofautiana.

Mboni alilichukua agizo la dresa kama amri ya serikali. Kila Jumapili Hyasinta alikaa kwenye kigoda uani, na Mboni akamkagua shingo, mgongo na nyuma ya masikio, polepole, kwa ncha ya kidole, kama anayechambua mchele.

"Kaa wima. Umejimwaga kama gunia."

"Unaona nini?"

"Shingo inayotaka maji. Jiwe sijaona."

Kofia Hyasinta aliishona mwenyewe kwa ukili, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ikawa na upana wa ungo. Gauni la kazini alilishona kwa kitambaa kizito cha marekani, mikono mpaka vifundoni, kola imesimama. Asubuhi ya kwanza kutoka nayo, Rajabu, msukuma mkokoteni ambaye hakuna aliyepita bila kuonja ulimi wake, alisimama katikati ya njia.

"Fundi! Hiyo kofia au paa la nyumba?"

"Paa. Unataka kupanga chumba?"

"Kuna choo?"

"Kuna mlango. Pita."

Watu walicheka, na kuanzia siku hiyo kofia ile iliitwa Nyumba ya Hyasinta, na watu wakaizoea. Lakini jua la alasiri halikuja kutoka juu. Lilikuja likiwa limeinama kutoka mbele, likapita chini ya ukingo wa kofia na kumpiga usoni.

Ndipo alipotundika kanga kwenye ukingo wa paa la baraza, kama pazia. Ilimkinga vizuri kabisa kwa muda wa kushona kola moja. Kisha mama mmoja akaipapasa, akaipenda, akaingia nayo dukani. Katika mtaa ule kitambaa kinachoning'inia barazani kinauzwa, na huwezi kumwambia mteja vingine. Hyasinta akatundika ya pili. Ikanunuliwa. Bwana Natvarlal akatoka nje mwenyewe, amejaa furaha.

"Fundi, una mkono wa heri! Tundika ile yenye korosho."

"Bwana Natvarlal, hiki ni kivuli changu."

"Ndiyo, ndiyo, kivuli kizuri sana. Kinatoka upesi."

Mwisho wa wiki alikuwa ameuza kanga nyingi kuliko magauni aliyoshona, na pua yake ilikuwa nyekundu kama pilipili. Akaufunga mwavuli kwenye cherehani kwa kamba. Upepo wa alasiri ukaupenda. Uling'oka, ukavuka barabara ukibingirika, ukapita chini ya mkokoteni wa Rajabu na kwenda kutua miguuni pa Mzee Mwinyimvua.

Mzee Mwinyimvua alikuwa fundi wa kanzu, Mzaramo, mzee wa mtaa ule kabla ya maduka mengi kuwapo. Alishonea barazani kwa Bwana Tulsidas, duka linalotazamana kabisa na la Natvarlal. Aliuleta mwavuli mwenyewe, ameufunga vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mwavuli wako ulikuja kuomba kazi kwangu. Nimeukatalia, hauna uzoefu." Akamtazama uso. "Umeiva, mwanangu."

Hyasinta akamweleza: sikio, dresa, Severine, Idi. Mzee Mwinyimvua alisikiliza huku akijikuna ndevu, kisha akageuka kuangalia baraza lake upande wa pili. Lilikuwa limepoa. Jua lilikuwa nyuma ya duka la Tulsidas, na kivuli chake kilijaa barazani mpaka kwenye mfereji.

"Mbona jambo dogo hili," alisema. "Mchana kwangu kuna baridi. Tubadilishane. Nikitoka kuswali adhuhuri, wewe unahamia kwangu, mimi nahamia kwako. Mimi na jua tumezoeana, halinishtui."

Ugumu ulikuwa kwa matajiri. Natvarlal na Tulsidas walikuwa hawasemeshani tangu mchezo wa kriketi ambao Natvarlal alikuwa mwamuzi na akamtoa Tulsidas, akisema mpira umegusa mguu. Tulsidas alisema haukugusa. Tangu hapo walitazamana kila siku ng'ambo ya barabara bila salamu, na penye ulazima walipitishia maneno kwa Mzee Mwinyimvua. Lakini safari hii walikubali wote wawili, maana kila mmoja angekuwa na fundi mbele ya duka lake kutwa. Fundi gani, hilo halikuwaumiza kichwa.

Ikawa hivyo. Kila baada ya adhuhuri Rajabu alipakia cherehani ya Hyasinta kwenye mkokoteni, akaivusha, akarudi na ya Mzee Mwinyimvua. Kuazimana hakukuwezekana. Mzee alisema cherehani ni kama meno, kila mtu hutafuna kwa yake. Hyasinta alikaa kivulini asubuhi, akakaa kivulini jioni, kofia kichwani, mikono mirefu, na pua yake ikarudi kuwa pua. Jumapili Mboni alichambua, akachambua, akapiga makofi.

"Safi. Mchele wa daraja la kwanza."

Ramadhani ikaingia. Kazi ikafurika, kwa sababu kila mtu alitaka kanzu au gauni la Idi, na kila mtu alilitaka jana. Hyasinta alishona bila kuinua kichwa, akimshukuru Mungu kwa kila saa ya kivuli, na hakuwaza jambo jingine mpaka alasiri moja aliposikia mtu akipaza sauti ng'ambo ya pili.

"Mzee Mwinyimvua! Umenishonea kanzu yenye mikono miwili ya kushoto!"

"Haiwezekani."

"Haya, mimi naivaa. Niambie huu wa kulia unakwenda wapi."

Mkono wa kanzu ulimtoka begani ukiwa umegeukia nyuma, kana kwamba unamwita mtu. Watu waliangua kicheko. Mzee Mwinyimvua naye alicheka, akaomba radhi, akaipokea kanzu aifumue. Lakini Hyasinta hakucheka. Alimwona mzee akiinua sindano, akiisogeza karibu na jicho, akitafuta tundu na kulikosa, akijaribu tena. Jua lilikuwa limempiga usoni sawasawa. Machozi yalimtoka, si ya huzuni, ya mwanga. Midomo ilikuwa mikavu kwa saumu.

Hyasinta akashusha kitambaa mapajani. Asubuhi mzee alikuwa upande wa Tulsidas, na asubuhi duka la Tulsidas lilitazama jua linalochomoza. Mchana alikuwa upande wa Natvarlal. Yaani tangu asubuhi mpaka magharibi mzee yule hakuwa na kivuli hata cha kuweka kidole, kwa sababu kile alichokuwa nacho alimpa yeye.

Alivuta kofia, akavuka.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba jua lote limebaki kwako."

Mzee Mwinyimvua aliichomeka sindano yake kwenye kola. "Nilipiga hesabu ya kwako vizuri kabisa," alisema. "Ya kwangu nikaisahau. Nilipokuja kuigundua nilikuwa nimekwisha kutoa ahadi, na mtu mzima hawezi kumnyang'anya binti kivuli."

"Kesho sihami."

"Utaungua."

"Na wewe je? Tena umefunga!"

"Mimi nitakuwa mweusi zaidi. Mke wangu atanitafuta gizani, basi."

Hyasinta alitaka kulia, akajikuta amecheka, na katikati ya kicheko hicho akageuka kuangalia baraza la Tulsidas alikotoka. Cherehani yake ilikaa pembeni. Nusu nzima ya kivuli ilikuwa tupu, imelaliwa na paka.

"Mzee," alisema polepole, "kile kivuli ni cha watu wawili. Asubuhi hapa kinawaenea watu wawili. Mchana kule kinawaenea watu wawili. Sisi tunapishana barabarani kila siku kama wendawazimu, kumbe tungevuka pamoja."

Mzee Mwinyimvua alicheka mpaka akashika mbavu, na mwenye kanzu ya mikono ya kushoto akadhani anachekwa tena. Lakini kicheko kilipokwisha, mzee alitikisa kichwa kuelekea mlango wa duka.

"Na hawa? Kila mmoja atakuwa na mafundi wawili nusu ya siku, na nusu nyingine hana hata mmoja. Halafu mafundi wake wako wapi? Kwa adui yake. Watakataa."

"Tukiwauliza, watakataa," alisema Hyasinta.

Kwa hiyo hawakuwauliza.

Kesho yake baada ya adhuhuri, Rajabu alipakia cherehani ya Hyasinta kama kawaida na kuishusha kwa Tulsidas. Lakini badala ya kupakia ya mzee, alimkuta mzee kakaa palepale, kanzu mapajani, anashona kwa amani. Alikuwa hajahama. Ilichukua muda mfupi tu Bwana Natvarlal kutoka nje na kuona baraza tupu.

"Fundi wangu yuko wapi? Hata mmoja?"

"Wako huku wote!" alisema Bwana Tulsidas kutoka upande wake, akimwambia Mzee Mwinyimvua lakini kwa sauti ya kuvuka barabara. Alikuwa amefurahi sana.

"Na kesho asubuhi tutakuwa kule wote," Mzee Mwinyimvua alimfahamisha.

Furaha ya Tulsidas ikakatika. "Kwa yule? Asubuhi nzima? Hapana!"

"Rajabu!" Natvarlal aliita. "Rudisha cherehani ya fundi wangu."

"Usiiguse!" alisema Tulsidas. Kisha akafikiri juu ya kesho asubuhi. "Au irudishe. Lakini ya mzee isiende."

Rajabu alikuwa amekwisha kuipakia tena. Akaisukuma mpaka katikati ya barabara, akasikia sauti mbili zikimwamuru mambo mawili, akasimama. Nyuma yake gari la maji likasimama. Nyuma ya gari la maji, baiskeli, wabeba mizigo, na mama mwenye kuku waliofungwa miguu. Hyasinta, aliyekuwa ameshika cherehani isianguke, alijikuta yuko palepale katikati, juani.

Mzee Mwinyimvua aliinuka, akauchukua mwavuli, akaenda kusimama kando yake na kumfungulia.

Matajiri nao walifuata barabarani, mmoja kutoka kila upande, mpaka mzee akawa yuko katikati yao.

"Mwambie huyu," alisema Natvarlal, "kwamba Hyasinta ni fundi wa duka langu."

"Mwambie huyu kwamba najua. Lakini wa kwangu wa asubuhi atanirudishia nani?"

"Mwambie—"

"Jamani," alisema mzee, "mnasimama karibu kiasi kwamba mnakanyagana. Ambianeni."

Hawakuambiana. Hyasinta alihisi joto la lami likipanda kupitia viatu. Akavua kofia. Watu waliokuwa wanapiga kelele wakapunguza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona nje bila kofia ile. Chini ya mwavuli wa mzee, aligeuza kichwa na kuwaonyesha sikio lake, mahali pale penye kovu dogo lililokaa upande.

"Hapa palikatwa," alisema. "Kaka yangu alikuwa nacho shingoni, hakikukatwa, na sasa sina kaka. Mimi nampenda Bwana Natvarlal, na mtaa huu naupenda mpaka kelele zake. Lakini sitakaa tena juani, na sitakaa kivulini kwa kumweka mzee huyu juani. Mkikataa, baada ya Idi nitapanda basi kwenda kwetu. Asubuhi hamtakuwa na fundi wa magauni, na jioni hamtakuwa naye. Ni hayo tu."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wengi hivyo. Mama mwenye kuku alisema "Ee!" kwa nguvu, kana kwamba ni yeye aliyesema yote.

Ndipo Bi Bhagwati alipotoka dukani, mikono kiunoni.

"Natvarlal, tazama barabara yako. Hawa watu wote, kabla hujaanza kupiga kelele, walikuwa wanapita upande gani?"

Natvarlal akatazama. Tulsidas naye akatazama. Upande wa Natvarlal, penye jua, kulikuwa na mbuzi mmoja. Upande wa Tulsidas, penye kivuli, umati ulikuwa umebanana.

"Kila siku ndivyo," alisema Bi Bhagwati. "Asubuhi wanapita kwetu, mchana wanapita kwao. Nani anasimama juani kupimwa kiuno? Mchana unakaa na fundi mlangoni na unauza nini? Unamuuzia mbuzi. Mimi ningekuwa wewe, ningewachukua wawili asubuhi watu wanapokuwapo, na mchana ningelala."

Natvarlal alimtazama Hyasinta, akalitazama kovu, akautazama mwavuli kwenye mkono wa mzee aliyefunga. Akakohoa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ule mchezo, akageuka akamtazama adui yake machoni.

"Tulsidas."

"Nini?"

"Asubuhi kwangu. Mchana kwako."

"Sawa."

"Sawa." Natvarlal aligeuka aondoke, lakini neno moja lilikuwa limekaa naye muda mrefu mno. "Lakini mpira uligusa mguu!"

"Haukugusa!"

"Uligusa, nilisikia!"

"Ulisikia njaa, ilikuwa saa ya chakula!"

Barabara nzima ililipuka kwa kicheko, hata dereva wa gari la maji aliyekuwa na haraka. Rajabu aliinua mikono ya mkokoteni.

"Mabwana, endeleeni na mpira. Mimi napeleka cherehani kivulini kabla mwenyewe hajaiva."

Wakavuka. Hyasinta alivaa Nyumba yake, akanyoosha mikono ya gauni, akaketi bega kwa bega na Mzee Mwinyimvua, na paka akalazimika kutafuta pengine. Wanawake waliokuwa wamesimama kushangaa waliona haina maana kuondoka bila kupimwa. Mmoja alitaka mikono mifupi yenye marinda, kisha akaitazama mikono mirefu ya fundi mwenyewe, ilivyobana vizuri kifundoni kwa vifungo vyake viwili, akasema, "Nishonee kama hiyo."

Alasiri ilipoendelea, kivuli cha duka la Tulsidas kilishuka barazani, kikaruka mfereji, kikaanza kutambaa barabarani. Bwana Natvarlal alikuwa amebaki peke yake mlangoni kwake, akijipepea kwa karatasi, jua likimla kichwa. Aliwatazama. Akaingia ndani. Akatoka na kigoda. Alivuka barabara bila kumtazama mtu, akakiweka kigoda kando ya cherehani ya Hyasinta, mgongo amempa Tulsidas, akaketi na kushusha pumzi.

"Kumbe huku kuna upepo," alisema.

"Upo, Bwana Natvarlal."

"Kesho asubuhi uwahi. Na mwambie mzee aje na kiti chake mwenyewe. Kile changu kizuri nimekuwekea wewe."

Nyuma yao, bila kuambiwa na mtu, Bwana Tulsidas aliagiza chai ya Natvarlal na ya Hyasinta, kisha akakumbuka kwamba Mzee Mwinyimvua amefunga, akamwomba radhi, na kuagiza ya tatu iwekwe mpaka magharibi.